Bibi Asiulizwe Namba

Jumatatu jioni, vyombo vilipokwisha kuoshwa, Ansel Rudd alifuta ubao mweupe uliobandikwa kwenye mlango wa friji, akafungua kalamu ya bluu na kuandika 62. Mkewe Talin alijifuta mikono kwenye suruali, akaichukua kalamu hiyohiyo na kuandika 14 chini yake. Kisha wote wawili wakageuka kumtazama binti yao, waone kama kuna kilichobadilika.

Hakukuwa na kilichobadilika. Nairi, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa mezani akimalizia aiskrimu, na kupitia tumbo lake mgongo wa kiti ulionekana bila shida, pamoja na stika ya nyangumi aliyoibandika alipokuwa mdogo.

"Vilevile," alisema baba.

"Vilevile," alisema mama, na ubao ukaachwa mpaka Jumatatu nyingine.

Namba hizo zilikuwa majibu ya swali moja. Kuna uwezekano wa asilimia ngapi kwamba kabla Nairi hajatimiza miaka thelathini, mashine za akili mnemba zitakuwa zimeupindua ulimwengu, na binadamu hawana tena kauli juu ya jambo lolote? Huko Berkeley, mji walikoishi, watu huulizana swali hili kwenye foleni ya mkate. Talin na Ansel waliulizwa na kulijibu kwa mshahara, kwa kuwa wote wawili walikuwa watabiri katika taasisi moja iliyoheshimika sana, yenye makochi laini na lozi za bure. Ni kazi ya heshima. Haihitaji kumzuia mtu yeyote kufanya jambo lolote. Inahitaji kusema, kwa uangalifu, ni kwa kiasi gani litafanyika.

Nairi alianza kupungua akiwa na miaka tisa. Baba alinyoosha mkono kuchukua chumvi, mkono ukapita begani kwa Nairi, ukatokea upande wa pili, ukaichukua chumvi. Baba alisema samahani. Baada ya chakula walijaribu tena kwa utaratibu, kwanza kwa kijiko, halafu kwa mto, halafu kwa paka, ambaye hakufurahi. Ilichukua majuma kadhaa kuielewa kanuni, lakini ilipoeleweka ilikuwa rahisi. Kila mahali pana mwenyewe, na Nairi alikuwapo kwa kadiri mwenye mahali alivyoamini kwamba kesho ya mtoto huyu ipo. Ndani ya gari la mama alikuwa karibu mzima. Katika chumba cha kazi cha baba alikuwa kama mvuke wa birika. Jikoni, ambako wenyewe walikuwa wawili, alikaa katikati.

Walimpeleka kliniki. Muuguzi alimpima chumbani kwake akapata kilo thelathini na moja. Daktari alimpima chumbani kwake, kwa mzani uleule, akapata kumi na tisa. Daktari alikuwa msomaji sana wa magazeti. Alisema mtoto ana afya njema, ila aepuke upepo.

Inabidi isemwe, kwa heshima zote zinazostahili, kwamba Nairi aliitumia vibaya hali yake. Alisimama ndani ya friji iliyofungwa na kungoja. Baba alipoifungua kutafuta maziwa ya shayiri, alikuta sehemu kubwa ya uso wa binti yake katikati ya mtindi na figili. "Nairi, mlango," alisema, akachukua maziwa akaondoka. Shuleni, mwalimu wa hesabu alipoita majina, Nairi alijibu, "Nusu yupo," na mwalimu, ambaye kwa kweli aliamini nusu, aliandika hivyo. Alipokamatwa akiwa amepitisha kichwa ukutani katika chumba cha walimu, mwalimu huyohuyo alimpa adhabu ya saa moja, akafikiri, akaifanya nusu saa.

Kukumbatiwa tu ndiko kulikokosa utani. Kila usiku baba alipita kumwambia alale salama, akapiga goti kando ya kitanda na kumzungushia mikono, na mikono ikazama taratibu mpaka ikagusana.

"Samahani, mwanangu," alisema siku moja. "Ningeweza kukwambia ni kumi. Ningekuwa nakudanganya."

"Nidanganye basi."

"Tulishajaribu."

Ilikuwa kweli. Nairi alipotimiza miaka kumi na mmoja, baba aliandika 3 kwenye ubao kwa mwandiko mkubwa, akachora puto pembeni, na kiti kiliendelea kuonekana kupitia kwa Nairi mpaka keki ilipoisha. Ubao haukuwa na nguvu yoyote. Kilichohesabiwa ni kile ambacho mwenye mahali alikiamini kweli, na baba hakuweza kuamini kwa sababu tu angependa. Hilo ndilo lililomfanya kuwa bora kazini.

Mama alikuwa na njia yake. Alimpakia Nairi garini bila safari yoyote, wakapanda vilima hadi penye mikaratusi, akaegesha, akamsuka nywele. Nywele zilisukika. Kumi na nne ni mapengo madogo tu, huku na huku, kama meno ya mtoto.

"Mama, kwa nini wewe ni kumi na nne na baba ni sitini na mbili?"

"Baba yako anatazama mstari wa nguvu za mashine, anaona unapanda. Mimi naona mistari mingi imewahi kupanda, na watu bado wanapanga foleni benki. Geuka kidogo."

"Nani yuko sahihi?"

"Tutajua."

"Lini?"

Mama alifunga mkia wa msuko kwa mpira. "Hilo nalo tunatofautiana," alisema.

Likizo ya kiangazi ilipofika walikwenda naye kazini, kwa kuwa hakuna kambi ya watoto iliyokubali kumwandikisha bila kujua alipe ada kwa kiasi gani. Kila Jumatano watabiri wa taasisi walikaa kwa duara, wakaandika namba zao, wakatoa hoja, na mwishoni wakachukua ya katikati na kuiandika kwenye ubao mkubwa kama namba ya nyumba. Walibishana kwa upole wa ajabu. Aliyesema themanini alimshukuru aliyesema tano kwa mchango wake. Aliyesema tano alikumbusha kwamba umeme ulichukua miongo mizima kufika viwandani, na mashine hizi nazo zitakwama kwenye foleni ya vibali kama kila kitu kingine. Na mtu aliposema, "Nimesogea," yaani ameibadilisha namba yake mbele ya wenzake kwa sababu ya hoja nzuri, wote walipiga makofi. Kusogea hadharani ndio uliokuwa uungwana wao mkubwa. Hakuna aliyeuliza mtu amesogea kuelekea wapi.

Jumatano moja walikuta namba ya nyumba imefutwa na mahali pake pameandikwa 0, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa anacheka.

"Nani ameandika sifuri?" aliuliza mkurugenzi, Quentin Haase, mtu mrefu aliyetembea ofisini na soksi tu.

"Mimi," alisema Nairi kutoka kwenye kochi ambalo tayari lilikuwa na watu wawili.

"Sifuri hairuhusiwi, Nairi." Hakuwa na hasira. "Ukisema sifuri, unasema hakuna kitu, hata kimoja, kinachoweza kukubadilisha mawazo. Hapo umeacha kufikiri. Sema moja, tukuhesabu na wewe."

"Na mia?"

"Mia nayo hairuhusiwi."

"Kwa hiyo kwenu siwezi kuwapo mzima, na wala siwezi kutokuwapo kabisa."

"Umeielewa kazi," alisema Quentin, na duara zima likapiga makofi. "Ukikua, uje tukuajiri."

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akasogeza bakuli la lozi. Namba ya nyumba ikarudishwa ubaoni, arobaini na moja, na kikao kikaendelea.

Kulikuwa na watu wasio na namba, na Nairi aliwatafuta kama wengine wanavyotafuta choo cha barabarani. Mpishi wa shule, Bi. Ofelia, alikuwa mmoja wao. Jikoni kwake Nairi alikuwa mzima, mwenye kucha zote, na alikula kwa sahani iliyojaa hadi ukingoni. Alijitolea kumenya viazi hata siku ambazo viazi havikuwapo. Lakini mwezi wa kumi Bi. Ofelia alisikiliza kipindi fulani redioni, na kesho yake alisema, huku akikoroga supu, "Mie naona labda thelathini. Thelathini hivi, ama?" Trei ilimponyoka Nairi ikapita mkononi mwake. Bi. Ofelia aliiokota, akaifuta, akamwekea chakula upya. Alimpunguzia kidogo, bila kukusudia.

Mwezi huohuo baba alipata kazi mpya. Kampuni moja ng'ambo ya daraja, iliyokuwa inaziunda mashine zenyewe, ilikuwa inatafuta watu wenye namba kubwa. Hoja yake ilikuwa kwamba kama mashine zitakuja kwa vyovyote, afadhali ziundwe na watu wanaoziogopa. Baba aliogopa kuliko wote waliohojiwa, wakampa ofisi yenye dirisha.

"Unasema sitini na mbili," alisema mama, "halafu unakwenda kuwasaidia?"

"Nisipokwenda, atakwenda mwenye thelathini."

Mama alilifikiria hilo kwa haki, kama alivyozoea kufikiria kila hoja. "Ni hoja," alisema hatimaye, na hawakuizungumzia tena.

Basi alibaki bibi.

Bibi Araxie Bedrosian, mama yake mama, aliishi Fowler, bondeni, mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari, katikati ya mizabibu ambayo zabibu zake alizianika tangu alipoolewa. Hakuwa na namba, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza. Mashine alizozijua zilikuwa trekta na pampu, na zote mbili alizitukana kwa Kiarmenia. Nyumba ilikuwa yake, shamba lake, kibanda cha kuku chake, na kila mahali humo Nairi alikuwa na uzito wake wote. Alipofika alikanyaga kokoto na kokoto zikalia. Aliwahi kuanguka kutoka juu ya paa la stoo akachubuka goti hadi damu ikatoka, akakimbia kuwaonyesha wazazi wake kama mtu aliyeshinda kombe. Aliwahi kuvunja mtungi wa matango ya siki, bibi akamchapa kofi mkononi, na Nairi akaukalia mkono huo saa nzima ili joto lisiishe.

Na huko baba aliweza kumkumbatia. Mara chache kwa mwaka, kwenye varanda ya mama mkwe wake, Ansel Rudd alimwinua binti yake mpaka mgongo ukamuuma, na aliporudi mjini alikuwa akiusugua mgongo huo juma zima bila kutaka dawa.

Walipokuwa njiani kwenda kwa bibi kula Sikukuu ya Shukrani, ukungu ulilala bondeni mzito kiasi kwamba mama aliendesha kwa kufuata taa za lori la mbele. Nairi alikaa nyuma, mkanda ukiwa umemshika vizuri.

"Bibi asiulizwe namba," alisema.

"Hatutamwuliza," alisema mama.

"Baba?"

"Sitamwuliza," alisema baba. "Nakuapia."

"Wala msibishane mbele yake. Mkianza kubishana mnamtafuta mtu wa tatu. Kila siku mnafanya hivyo. Hata fundi wa bomba mlimwuliza."

"Yule alisema ishirini," baba alikumbuka. "Alikuwa na hoja nzuri."

"Baba."

"Nimekusikia, mwanangu. Hatutabishana."

Bibi alikuwa amesimama varandani amevaa sweta mbili. "Njoo hapa, wewe mfupa," alimwambia Nairi, akamshika mashavu na kuyavuta mpaka macho yakawa membamba. "Huko Berkeley wanakulisha hewa, roho yangu? Na wewe mkwe, mbona umesimama kama mtu wa bima? Mchukue mtoto, mwingize ndani, baridi."

Baba alimchukua. Hakumweka chini hadi mezani.

Kulikuwa na bata mzinga, kwa sababu ndiyo sikukuu, na kulikuwa na chakula chenyewe: pilau ya tambi, majani ya mzabibu yaliyoviringishiwa wali, na jibini la nyuzi ambalo Nairi alilichambua uzi mmoja mmoja. Alikula mpaka akafungua kifungo cha suruali. Kifungo kilikuwa kimembana. Alikaa akilifurahia hilo.

Bibi ndiye aliyeuliza habari za kazi, na hakuna anayeweza kumlaumu. "Ansel, Talin ameniambia umehama. Ofisi mpya nzuri?"

"Nzuri, mama. Ina dirisha."

"Mnatengeneza nini?"

Baba alimtazama Nairi. "Mashine, mama. Za kufikiri."

"Ahaa," alisema bibi, akamwongezea pilau.

Yangeishia hapo. Lakini mama alikuwa ameshika uma wake kwa namna ambayo Nairi aliifahamu. "Anazitengeneza," alisema mama kwa sauti tulivu, "huku akiamini kwamba zitatumaliza. Sitini na mbili kwa mia."

"Hazitatumaliza. Nilisema zitatupokonya usukani. Hayo ni mambo mawili."

"Kwa mtu wa siti ya nyuma ni jambo moja."

"Wewe nawe huutazami mstari, Talin. Mwaka mzima hujautazama."

"Mama," alisema Nairi.

"Nimeutazama. Nimeutazama sana. Mtu yeyote mwenye akili timamu, asiyekaa ofisini kwenu, akiulizwa—" Mama aligeuka. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeona ushindi umewekwa mbele yake mezani, na kwa muda huo mfupi hakuona kingine. "Mama, hebu wewe sema. Kuna uwezekano gani kwamba mashine zitaupindua ulimwengu kabla Nairi hajawa mtu mzima? Asilimia ngapi?"

Nairi aliweka chini uma.

"Ya nini?" alisema bibi.

"Sema tu. Chochote unachoona."

"Mashine kuupindua ulimwengu?" Bibi alicheka hadi akashika kifua. "Pampu yangu haiwezi hata kupindua maji. Sifuri."

Nairi alihisi miguu yake ikiwa mizito sakafuni, mizito kuliko siku zote, kama ya mtu aliyevaa viatu vya mtu mwingine. Mama alimtazama baba na kuinua nyusi. Baba alifumba macho. Ilionekana wazi kwamba anapigana na kitu, na ilionekana vilevile kwamba anashindwa.

"Mama," alisema baba, "sifuri hairuhusiwi."

"Hairuhusiwi na nani? Hii ni nyumba yangu."

"Baba, umeapa."

"Simwulizi, mwanangu. Ameshaulizwa. Nasema tu kwamba sifuri si jibu."

Baba na Nairi walimgeukia mama, na mama, ambaye alikuwa mkweli kuliko alivyokuwa mshindi, alikunjakunja kitambaa cha mezani. "Hapo ana haki, mama," alisema. "Sema moja. Moja ni karibu na sifuri. Haina madhara."

"Haya, moja. Nipitishieni siagi."

Ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Nairi ilitoweka. Kupitia pale ilipokuwa aliona maua yaliyodariziwa kwenye kitambaa cha meza, jani moja na nusu. Kwa moja angeweza kuishi. Kwa moja mtu anaweza kulelewa, akaolewa, akazeeka.

Lakini bibi hakuwa mtu wa kutoa neno kisha akalitelekeza. Alipaka siagi mkate taratibu, na mbele ya macho ya Nairi alianza kufikiri.

"Bibi, usifikiri," alisema Nairi. "Niambie habari za mbuzi wa mjomba Hrant."

"Subiri, roho yangu. Ansel, hizo mashine anaziunda nani?"

"Sisi. Na wengine kama sisi."

"Na wewe unaziogopa?"

"Sana, mama."

"Na wenzako hapo ofisini?"

"Wengi wao."

"Mkubwa wenu?"

"Yeye anaziogopa kuliko wote. Amesema hadharani."

"Kuna mtu amewashikia bunduki?"

"Hapana."

Bibi alikitazama kisu cha siagi. "Na Jumatatu?"

Isipokuwa kwa ile 3 ya ubaoni, baba hakuwahi kumdanganya mtu yeyote, na hakurudia siku hiyo. "Jumatatu nitakwenda kazini," alisema.

Bibi aliuma mkate, akatafuna, akameza. "Basi ni tisini," alisema.

Kiti kilibaki palepale na Nairi akapita ndani yake. Alikaa sakafuni chini ya meza, katikati ya viatu vya watu wanne, viwili kati ya hivyo vikiwa vyake mwenyewe, na viatu hivyo havikuonekana zaidi ya harufu inavyoonekana. Kipande cha jani la mzabibu alichokuwa amekitafuna kilibaki kwenye kiti, kimekaa peke yake.

Juu ya meza kulisikika makofi. Baba alikuwa amepiga makofi matatu, kwa mazoea, kama anavyopigiwa mtu yeyote aliyesogea mbali kiasi hicho kwa hoja safi. Kisha mikono yake ilisimama hewani.

"Yuko wapi mtoto?" aliuliza bibi.

"Nipo hapa, bibi."

"Sikuoni. Talin, mbona simwoni?"

Mama alikuwa tayari amepiga magoti chini ya meza, akipapasa. Alimweleza mama yake kanuni kutoka hukohuko chini, kwa sentensi fupi zilizopangika, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kueleza mambo. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele. Aliweka kisu kando ya sahani.

"Narudisha," alisema. "Sifuri."

Walingoja. Kuku walisikika nje.

"Sifuri nimesema. Nyumba yangu, mimi ndiye mwenye kusema. Sifuri."

"Inabidi uamini, mama," alisema baba, naye alikuwa analia bila sauti, machozi yakidondokea kwenye pilau. "Unaamini?"

Bibi alimtazama mkwe wake kwa muda mrefu: shati lake lililopigwa pasi, kadi ya ofisi iliyoning'inia kiunoni hata siku ya sikukuu. Alionekana akijaribu. Midomo yake ilibanwa, na mshipa wa shingo ukasimama, kama mtu anayejaribu kufungua mtungi uliokaza.

"Ngoja, niondoke mbele yako nijaribu tena," alisema, akaenda jikoni akafunga mlango. Alirudi baadaye na kahawa, na kahawa ilikuwa vikombe vitatu, na kiti cha Nairi bado kilikuwa kitupu.

Jumapili walirudi mjini. Ukungu haukuwa umeondoka. Bibi alifunga mkanda wa kiti cha nyuma mwenyewe, akauvuta kuhakikisha umeshika, akaweka juu ya kiti mfuko wa zabibu kavu. Nairi alikuwa amekwisha kukaa mahali hapo, na zabibu zilikuwa ndani ya mapaja yake. Walipoiacha nyumba ya bibi nyuma alianza kuonekana tena, maana gari lilikuwa la mama. Lakini hakuonekana kama alipokuja. Mama alimtazama kwenye kioo, akatazama barabara, akamtazama tena.

"Mama," alisema Nairi, "wewe sasa ni ngapi?"

"Naendesha, mpenzi."

"Mama."

"Ilikuwa hoja nzuri," alisema mama, akaongeza mwendo kuelekea Oakland.

Bibi alipiga simu kila siku. Hakusalimu. Alisema, "Sifuri," akangoja. Simu ililazwa mezani, sauti ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, kwa kuwa Nairi hakuweza tena kuishika, na Nairi alitazama mkono wake, halafu alisema, "Karibu, bibi. Nimeona kama kucha." Hakukuwa na kucha. Kati ya utani wake wote huo ndio pekee ambao hakuna aliyewahi kuugundua.

Shuleni mwalimu wa hesabu alimhamishia kiti cha mbele. Kampuni ya ng'ambo ya daraja ilitangaza mashine mpya, bora kuliko iliyotangulia, pamoja na waraka mrefu wa mkurugenzi wa kampuni hiyo kuhusu hofu zake. Baba alisaidia kuuandika. Ulisifiwa kwa ukweli wake. Taasisi ya makochi laini ilisogea hadi hamsini na nane, ikapiga makofi.

Jumatatu jioni, vyombo vilipokwisha kuoshwa, baba alifuta ubao wa friji na kuandika 71. Mama alishika kalamu muda mrefu, kisha akaandika 60 kwa mwandiko mdogo, karibu na ukingo. Wakageuka.

Nairi alikuwa amesimama juu ya meza, mikono miwili juu, ulimi nje, macho yamegeuzwa kama ya samaki. Ilikuwa sura yake bora kabisa. Alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo, ingawa kioo hakikumsaidia sana. Aliishikilia. Nyuma yake, au kupitia kwake, stika ya nyangumi ilionekana kwenye mgongo wa kiti, safi, kila pezi mahali pake.

Mama aliegemea mbele, akakaza macho.

"Yupo," alisema. "Nadhani yupo."

Baba alikuwa bado hajafunika kalamu. Aliuliza taratibu, kwa upole wote aliokuwa nao:

"Kwa asilimia ngapi?"